Dirisha la Lusaka

Mke wangu alikuwa na tabia ya kunusa kitu kabla ya kukishika. Akiletewa kikapu, au ngoma, au kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda huvaa kwenye sherehe na kuzikia watu wao, aliinama kwanza akakisogelea kwa pua, akafumba macho. Mimi nilisimama kando nikingoja. Kisha alisema, "Hii imenyeshewa," au, "Hii imekaa na panya," na kwa kawaida ilikuwa kweli. Tumemzika, na mambo mengi yake yameanza kunififia, hata sauti yake wakati mwingine inanibidi niitafute. Kule kunusa hakujafifia. Nikinunua nyanya hapa Kisugu, Kampala, hujikuta nimeinua moja puani, na muuzaji hunitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

Tulifanya kazi pamoja katika jumba dogo la makusanyo ya vitu vya kale, upande wa Nateete. Jina lake silitaji, na hata hivyo halipo tena kama lilivyokuwa. Vita vilipokwisha mwaka ule wa themanini na sita, jumba lilikuwa na paa lenye matundu na chumba cha nyuma kilichojaa vitu vya zamani vilivyorundikwa ovyo: ngoma zilizokaliwa kama viti, vinubi visivyo na nyuzi, mikeka, vibuyu, shanga. Mimi niliajiriwa kuwaongoza wageni kwa sababu nilikuwa na cheti cha sekondari na Kiingereza kilichoeleweka. Nilikuwa nimekuja kutoka Kenya kumfanyia kazi binamu yangu dukani, na duka lilikufa kabla sijazoea mji. Mke wangu aliajiriwa kufagia. Siku moja mkuu wetu alimkuta ameketi sakafuni anashona mpasuko wa lubugo kwa uzi aliouchomoa kwenye ukingo wa lubugo lenyewe, na tangu hapo hakurudi kwenye ufagio.

Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, Mwislamu. Mama yake alikuwa Mkristo, na nyumbani kwao walichinja kuku Idi na wakachinja tena Krismasi. Alizaliwa kambini na kukulia kambini, akihama shule kila baba alipohamishwa, mpaka darasa la sita, ambapo uhamisho ulimpeleka mahali pasipo na shule kabisa. Mimi sikujua lugha ya kwao, yeye hakujua ya kwetu, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, tukazozana na kulea watoto kwa Kiswahili. Changu kilikuwa cha darasani. Chake kilikuwa cha kambini, ambamo kila kitu ni "iko." Miaka ile ya mwanzo baada ya vita, Kiswahili mjini Kampala hakikupendwa. Kilikuwa lugha ya waliogonga milango kwa kitako cha bunduki. Tulipokuwa kwenye taksi tukirudi nyumbani tulinyamaza, halafu tukishuka tu maneno yalimtoka yote kwa pamoja, kama maji bombani baada ya mgao.

Aliniita Mkenya. Mimi nilimwita Afande.

Hakuna aliyetufundisha ile kazi. Tulianika mikeka juani, tukatia majani ya tumbaku kati ya malubugo ili kufukuza wadudu, tukapaka ngozi za ngoma samli. Samli lilikuwa wazo lake. Aligonga ngoma kwa kucha, akasikiliza, akasema, "Hii ngozi iko na njaa." Tukailisha. Ikang'aa, tukafurahi.

Asubuhi moja mkuu alitukusanya kama alivyofanya kila mwanzo wa wiki. Alizungumza Kiluganda na Kiingereza, nami nilisimama pembeni yake kuwatafsiria kwa Kiswahili wale waliotoka mbali. Alisema kuhusu choo kilichoziba. Alisema kuhusu likizo. Kisha, akiwa tayari anakusanya karatasi zake, akasema kuna wafadhili wa nje wanaogharimia mafunzo, nauli na malazi juu yao, na anayependa amwone kabla ya mwisho wa mwezi. Mafunzo yenyewe aliyataja kwa neno la Kiingereza nililolijua vizuri. Kwetu Kenya lilikuwa kwenye kila bango la mbuga. Nikalitafsiri: "Uhifadhi."

"Uhifadhi ya nini?" akauliza askari wa geti, Muganda mmoja mcheshi ambaye Kiswahili alikipenda kuliko kilivyompenda.

"Wa wanyama," nikasema. "Ndovu na kadhalika."

"Ah, mimi siendi kurara porini na njovu," akasema. "Mama watoto peke yake inanitosha."

Watu wakacheka. Mkuu hakujua tunacheka nini, naye akatabasamu, akaondoka.

Jioni mke wangu alikuwa anapepea sigiri uani. Akasema bila kuinua uso, "Mkenya, ile maneno ya asubuhi."

"Maneno gani?"

"Ya kuhifadhi. Sisi pale nafanya nini, kama si kuhifadhi?"

"Afande, ile ni ya watu wa ndovu."

"Umeuliza mukulu?"

"Niulize nini? Kiingereza nakijua."

Akapepea kidogo, akasema, "Haya." Alikuwa mtu wa kubishana juu ya bei ya chumvi, lakini Kiingereza changu hakuwahi kukibishia. Alikuwa ameolewa nacho, kama alivyopenda kusema. Mwezi ukaisha.

Miezi ilipita, akaja mama mmoja kutoka kwa wale wafadhili. Mkuu akaniita nimtembeze. Katika chumba cha nyuma alisimama mbele ya lubugo lililoshonwa, akalitazama kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyelishona, na kwa nini mtu huyo hakuomba nafasi. Nikamuuliza nafasi gani. Akanieleza. Lile neno, akasema, ni la vitu pia: nguo, ngoma, karatasi, mbao. Alishangaa kwamba jumba zima halikuleta ombi hata moja, na nafasi yetu ikaenda kwa nchi nyingine.

Nilimweleza mke wangu siku hiyohiyo. Kuficha kusingewezekana, maana askari wa geti alikuwa ameshasikia. Alicheka pamoja na wenzake, akacheka vizuri, akajifuta macho. Jioni tukashuka kwenye taksi, tukatembea kwenda nyumbani. Karibu na mlango akasema, "Kumbe ngoma ni ndovu."

Ikawa methali ya nyumba yetu. Nilipopika chai nikasahau majani, ngoma ni ndovu. Nilipompeleka mtoto kliniki siku isiyo ya chanjo, ngoma ni ndovu. Aliisema bila uchungu. Mimi ndiye niliyesikia uchungu, na nilistahili, kwa sababu kupanda ngazi na kugonga mlango wa mkuu kusingenigharimu kitu.

Yule mama alikuwa ameahidi kutushikia nafasi katika awamu iliyofuata ya mafunzo, kule Lusaka. Kila mtu jumbani alijua ni ya Afande. Mkuu mwenyewe aliandika jina lake. Mke wangu akaanza kuuliza maswali: huko Lusaka watu wanakula nini, baridi iko vipi, sweta moja inatosha. Alikuwa hajatoka Uganda maisha yake yote, ingawa alikuwa amehamishwa ndani yake kama mzigo wa serikali. Akanunua sweta ya mtumba, ya kijani, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Wiki nzima tulipoingia na kutoka iliyumba pale.

Jibu likaja kwamba wafadhili wameongeza sharti. Katika awamu ya kwanza baadhi ya wanafunzi walishindwa kufuata masomo ya maandishi, kwa hiyo sasa kila anayekuja awe na cheti cha sekondari. Mkuu alijaribu kuwasihi. Simu yetu ilikuwa mbovu, akaenda kupiga kwa rafiki yake mjini. Walimjibu kwa heshima. Fedha ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, na sharti lilikuwepo. Kama hatuna mtu, watampa mwingine.

Nimekuwa na wakati mrefu wa kulifikiria sharti lile, na siwezi kuwachukia. Mtu anayetoa fedha kwa watu asiowaona anatafuta kitu cha kushika, na cheti kinashikika. Mkono wa mke wangu haukuweza kubandikwa muhuri. Lakini ile awamu ya kwanza haikuwa na sharti. Mlango ulikuwa wazi mwezi mzima, nami nikamwambia mke wangu kwamba ule ni mlango wa mbugani.

Katika jumba letu, aliyefanya kazi ya chumba cha nyuma na kuwa na cheti nilikuwa mimi. Mkuu aliniambia nifikirie. Nilipofika nyumbani nikakuta habari imenitangulia. Aliniwekea chai, akaketi kwenye kigoda.

"Enda wewe," akasema.

"Mimi hata sindano sijui kuishika."

"Utajua."

"Afande, ile nafasi ni yako."

"Ilikuwa yangu. Sasa iko ya cheti." Alizungusha kikombe chake. "Ukikataa, inakwenda kwa watu mimi sijui. Ukienda, inarudi hapa. Enda, angalia kila kitu, uniletee."

Akaniletea sweta ya kijani kutoka nyuma ya mlango. Ilinibana kwapani. Nikaenda nayo.

Nilikaa Lusaka kipindi chote cha baridi. Sikuwa mwanafunzi mzuri. Vidole vyangu ni vya kubeba magunia, na pale tulipewa brashi laini kama kope na tukaambiwa tuondoe vumbi kwenye manyoya ya kofia ya mganga, unyoya kwa unyoya. Nilipokwama nilijiuliza angefanyaje yeye, nikaona mikono yake, nikaifuata. Ndivyo nilivyofaulu. Nilikaa chumba kimoja na Mtanzania mmoja, mtu wa Bagamoyo, ambaye Kiswahili chake kilitoka kimepigwa pasi. Siku ya kwanza darasani niligonga ngoma kwa kucha nikamnong'oneza, "Hii ngozi iko na njaa."

Akanigeukia taratibu. "Ndugu yangu, umesoma wapi?"

"Kenya. Sekondari."

"Na hicho Kiswahili nacho kilikwenda sekondari, au kilikwenda vitani?"

Nilicheka, lakini usingizi ulichelewa kuja. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayemrekebisha mke wangu. Kumbe maneno yake yalikuwa yamehamia kinywani mwangu na kupanga chumba. Tangu siku hiyo niliyaachia. Kila niliposema "iko" nilikuwa nyumbani kwa muda mfupi, na Mtanzania alitikisa kichwa kama daktari.

Nilijifunza kwamba samli huvuta vumbi na wadudu, na ngozi haishibi, inaoza polepole. Nilijifunza kugandisha vikapu kwenye friza ili kuua mabuu. Na siku moja nilipoinama kunusa ngozi kabla ya kuishika, mwalimu alinishika bega akanivuta nyuma. Akatueleza kwamba zamani watunzaji walinyunyizia vitu hivi sumu, nyingine ya unga, nyingine ya maji, na hakuna aliyeandika wapi na kiasi gani. Sumu hizo hazitoki. Usinuse, akasema. Kamwe usinuse. Wenzangu wakaandika. Mimi nilikaa na kalamu mkononi nikimwona mke wangu ameinama, amefumba macho.

Niliporudi, kila jioni watoto wakishakula, tuliketi mezani nikamfundisha. Alishika kila kitu upesi. Habari ya friza aliipenda sana. "Unaweka kikapu kwa friza kama samaki?" Kwa kuwa jumba halikuwa na friza, aliongea na jirani yetu aliyeuza tilapia, na kwa muda fulani vikapu vya wafalme wa zamani vililala Kisugu juu ya samaki, vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Umeme ukikatika jirani alipiga kelele ukutani, "Afande, vitu yako inaamka!" naye akakimbia na barafu.

Habari ya samli niliichelewesha. Nilipomwambia alitazama mikono yake.

"Nimelisha zile ngoma miaka hii yote."

"Ndiyo."

"Sasa hao nasema nimeziua."

"Hazijafa. Ila tusiongeze."

Habari ya kunusa niliiacha mpaka mwisho. Nilimweleza yote, sumu na miaka na mwalimu aliyenishika bega. Alisikiliza. Halafu akauliza, si kwa ubishi, kama mtoto anayeuliza njia, "Basi nitajuaje?"

Nikamwonyesha lenzi ya kukuzia niliyopewa. Akaichukua. Tangu siku hiyo, katika chumba cha nyuma, hakunusa tena. Nilimwona mara nyingi akianza kuinama na kujizuia, shingo ikisimama njiani. Alinusia nyumbani badala yake: mboga, vichwa vya watoto, shati langu nikitoka kazini. Ugonjwa uliomchukua miaka mingi baadaye haukuhusiana na hayo, madaktari walisema hivyo, nami niliwauliza zaidi ya mara moja. Lakini nilikuwa nimetumwa nimletee kitu, nikarudi na cha kumnyang'anya pia.

Na kuna alichotaka ambacho sikumpa. Jioni zile, masomo yakiisha, alikusanya vikombe, kisha akauliza kama mtu anayeuliza kitu kidogo tu.

"Na hiyo darasa, iko vipi?"

"Chumba tu. Meza, viti."

"Dirisha iko?"

"Lipo."

"Hiyo dirisha naangalia wapi?"

"Nje. Hakuna kitu, Afande."

Kesho yake aliuliza kuhusu chakula, nikasema ugali. Aliuliza kuhusu wanawake waliokuwa darasani, wanavaaje, nikasema kawaida. Niliona kwamba kumsimulia uzuri wa mahali ambapo yeye ndiye alistahili kukaa ni kumtia chumvi kwenye kidonda. Nikadhani ninamheshimu. Yeye alikuwa ananiomba nafasi yake kwa njia pekee iliyobaki, na mimi nikamjibu kama karani. Baada ya muda aliacha kuuliza. Sweta ya kijani, iliyokwisha kulegea kwapani, aliivaa mwenyewe asubuhi za mvua.

Jumba lilifungwa tulipokuwa tumezeeka, vitu vikagawanywa kwa majumba makubwa yenye watu waliosomea. Wafadhili wanaendelea kulipia mafunzo, nasikia, na vijana wanakwenda na kurudi. Nawatakia heri. Jioni mimi huketi uani kwenye kigoda chake, na kwa kuwa hakuna anayenisikia, namsimulia.

Dirisha lilikuwa pana, Afande, upande wote wa ukuta, na vioo vyake viwili vilikuwa vya rangi tofauti na vingine kwa sababu vilivunjika wakabandika vilivyopatikana. Asubuhi lilikuwa na ukungu, tukaandika majina kwa kidole. Mwanamke mmoja wa Malawi alikaa karibu nalo, akajifunga chitenje mbili, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya baridi. Ugali wa huko ni laini kuliko wetu, wanauita nsima, na waliula na majani ya maboga yaliyopikwa na karanga, ungeomba uongezewe. Saa ya chai watu waliimba, kila mtu wa kwao. Nilipofikiwa mimi niliimba ile ya kambini uliyokuwa ukibembelezea watoto, na yule wa Bagamoyo hakutikisa kichwa.

Nje palikuwa na ua wa udongo mwekundu, na kuku wa mlinzi, na mti mmoja mkubwa. Maganda yake yalikuwa marefu, meusi, magumu kama ngozi. Baridi ilipoanza kuisha na jua likipanda, yalipasuka yenyewe juu mtini, ta, ta, na vipande vikaanguka vimejikunja. Siku za kwanza tuliruka vitini, maana wengi wetu tulitoka nchi zilizosikia risasi. Baadaye tulizoea. Niliokota ganda moja, nikalinusa, halikuwa na sumu, lilikuwa mti tu. Lilinukia vumbi na kitu kingine ambacho ungekijua mara moja. Ungeniuliza huo mti unaitwaje, na mimi sikumuuliza mtu.